Fundi na mhandisi: mpaka ulichorwa lini?

Siku ya kuchora msingi wa nyumba yetu, kabla sururu haijagusa ardhi, fundi alitoa kwenye mfuko wa saruji uliochakaa uzi, vigingi, nyundo na mpira wa plastiki unaoonyesha ndani, mrefu kama mita kumi. Akaujaza maji, akahakikisha hauna mapovu, akampa kijana wake ncha moja. Kijana akasimama kona ya mbali, mwenyewe akabaki kona ya karibu, wakanyanyua. Maji yakacheza, yakapanda huku na kushuka kule, kisha yakatulia. Kila mmoja akapiga alama ya penseli kwenye kigingi chake pale maji yalipokomea. Usawa ukapatikana. Halafu kona: mita 3 upande mmoja, mita 4 upande wa pili, na mshazari lazima usome 5. Ulipungua sentimita mbili hivi. Akang'oa kigingi, akakisogeza, akapima tena.

Mchana akafika mhandisi na darubini yake ya kupimia, ile yenye miguu mitatu. Akazipima kona zile zile. Zilikuwa sawa. Akatia sahihi, akaondoka.

Watu wawili walikuwa wamefanya kazi ileile na kupata jibu lilelile, lakini mmoja tunamwita fundi na mwingine mhandisi, na malipo yao wala hayakaribiani. Nani alichora mpaka kati yao, na lini? Ukilifuata swali hilo hadi mwisho, unajikuta umepita historia nzima ya uhandisi, tena kwa njia tofauti na ile tuliyosomeshwa.

Tuanze na maneno yenyewe. Fundi ni wa ukoo mmoja na kufunda, kufundisha na mafunzo: ni mtu aliyefundwa. Mhandisi tumelichukua kwa Waarabu, muhandis, kutoka handasa, yaani jiometri. Nao Waarabu walilitoa kwa Waajemi, ambao kwao andaza ni kipimo. Kwa asili ya neno, basi, mhandisi ni mtu wa vipimo. Wazungu waliunda neno lao kutoka Kilatini ingenium, akili ya kubuni, na kwa karne nyingi lilimhusu hasa mtengenezaji wa mitambo ya vita.

Ukichukua maana ya kipimo peke yake, utaanza hadithi Misri au Ugiriki, kama wengi wanavyofanya. Naona hapo ndipo mambo yanapovurugika. Kufundwa kulitangulia kupima kwa muda mrefu usiomithilika, na sehemu kubwa ya muda huo ulipita hapa hapa kwetu.

Magharibi mwa Ziwa Turkana, mahali paitwapo Lomekwi, watafiti walichimbua zana za mawe zenye umri wa miaka milioni 3.3, matokeo yao yalichapishwa mwaka 2015. Ni za kale kuliko mabaki yoyote tuliyonayo ya jamaa wa jenasi yetu, Homo. Mtu anaweza kudhani kuvunja jiwe si lolote. Ajaribu. Ukiligonga katikati linapasuka ovyo au linakurudishia pigo mkononi. Ili litoe kipande chembamba chenye makali, lazima utafute ukingo ambao pembe yake haijafika nyuzi 90, ugonge karibu na ukingo huo, kwa nguvu ya kiasi na mwelekeo unaofaa. Na lazima ujue jiwe gani lina chembe ndogo zinazopasuka vizuri. Kule Oldupai, waliotengeneza zana hawakuokota tu lililokuwa miguuni. Walilifuata jiwe la kwatzi kwenye kilima cha Naibor Soit. Kuijua maada, kujua itavunjika wapi na kwa nini, ndiyo tabaka la kwanza la uhandisi. Mpaka leo mhandisi wa chuma analipwa kwa kujibu swali hilohilo.

Tabaka la pili limeonekana Kalambo, kwenye maporomoko yaliyo mpakani mwa Tanzania na Zambia, karibu na ncha ya kusini ya Ziwa Tanganyika. Mwaka 2023 ilitangazwa kwamba magogo mawili yaliyofukiwa kwenye udongo wenye maji pale yana umri usiopungua miaka 476,000. Mbao kwa kawaida huoza zikaisha; hizi zilinusurika kwa sababu maji yalizinyima hewa. Gogo la juu limechongwa pengo kwa makusudi ili likae juu ya gogo la chini bila kuteleza. Labda lilikuwa jukwaa la kukwepea matope, labda sehemu ya njia. Waliolichonga hawakuwa watu kama sisi, maana mabaki ya kale zaidi ya aina yetu yana miaka kama 300,000 tu.

Mimi ningeanzia hapo. Jiwe lenye makali ni kitu kimoja. Magogo yaliyounganishwa ni mfumo: kila kipande kimechongwa kwa ajili ya mwenzake, na mchongaji lazima aone akilini kitu ambacho bado hakipo. Seremala anayekata pengo kwenye kenchi leo anafanya tendo lile lile.

Sasa twende Misri, kwa sababu huko ndiko tunakoweza kuona kosa likisahihishwa. Karibu mwaka 2600 KK, Farao Sneferu aliamuru piramidi ijengwe Dahshur. Kuta zilianza kupanda kwa mwinamo wa nyuzi kama 54. Ujenzi ulipofika karibu nusu ya urefu, mwinamo ukabadilishwa ghafla kuwa nyuzi kama 43, na ndiyo maana hadi leo inaitwa Piramidi Iliyopinda. Ardhi ya chini haikuwa imara na ndani kulitokea nyufa. Wajenzi wakapunguza mzigo wa juu. Piramidi iliyofuata ya mfalme huyohuyo, ile Nyekundu, ilijengwa kwa nyuzi 43 kuanzia chini hadi juu. Halafu mwanawe, Khufu, akajenga mjini Giza piramidi ile yenye urefu wa mita 146 hivi, kwa karibu nyuzi 52, ikasimama. Ndani ya vizazi viwili walikosea, wakaogopa, wakajifunza, wakarudi kwenye mwinamo mkali wakiwa na msingi bora. Sijui mfano mwingine wa kale unaoonyesha wazi hivyo jinsi uhandisi unavyosonga mbele.

Waliupimaje mwinamo huo bila kuwa na nyuzi zetu 360? Mkono wa Misri uligawanywa viganja 7, na kila kiganja vidole 4. Waliuliza: nikipanda mkono mmoja, niingie ndani viganja vingapi? Kwa piramidi ya Khufu jibu ni viganja 5 na nusu. Kipimo hicho waliita seked. Mtu wa pwani yetu hatashangaa, maana babu zetu nao walipima kwa viungo: shibiri mbili ni mkono, mikono miwili ni wari, wari mbili ni pima. Na ile hesabu ya 3, 4, 5 ya fundi wetu iko katika ukoo mmoja na orodha ya namba iliyoandikwa kwenye kibao cha udongo huko Babeli karibu mwaka 1800 KK, zaidi ya miaka elfu moja kabla ya Pythagoras kuzaliwa.

Kilichonigusa zaidi Misri ni daftari. Mwaka 2013, kwenye bandari ya kale ya Wadi al-Jarf pwani ya Bahari ya Shamu, zilipatikana karatasi za mafunjo za msimamizi aitwaye Merer. Aliandika siku baada ya siku jinsi kikosi chake kilivyopakia mawe ya chokaa machimboni Tura, kikayasafirisha kwa mashua hadi Giza, wakalala wapi, wakarudi lini. Ni daftari la kazi kama lile analoandika msimamizi wa saiti leo. Hapo ujuzi uliokuwa kichwani na mikononi ukapata mahali pengine pa kukaa, na kikosi kingine kikaweza kuendelea pale kingine kilipoishia.

Lakini kuandika si sharti, na ushahidi wake uko kwetu. Ingia nyumba ya kale ya mawe Lamu. Utakuta vyumba virefu lakini vyembamba, upana wao mita mbili na nusu hadi tatu. Si mapambo wala mila tu. Dari lilibebwa na boriti za mikoko, na juu yake likawekwa tabaka zito la mawe ya matumbawe na chokaa. Boriti ikizidi urefu ule hupinda chini ya mzigo. Hivyo mti wa mkokoni ndio ulioamua upana wa chumba, na chumba kikaamua mpangilio wa nyumba nzima. Hakuna aliyepiga hesabu ya mpindo kwenye karatasi. Ilikuwa imeshapigwa na vizazi vya boriti zilizopinda.

Chokaa nayo ina elimu yake. Matumbawe yanapangwa juu ya rundo la magogo na kuchomwa. Joto likifika karibu nyuzi 900 za Selsiasi, jiwe linatoa hewa ya kaboni na kubaki chokaa hai. Ukiimwagia maji inachemka na kuumuka, kisha inakuwa laini ya kukandika. Ukutani inavuta tena ile hewa ya kaboni polepole na kurudi kuwa jiwe. Fundi wa pwani hakuhitaji kujua jina la hewa hiyo. Alijua kwamba chokaa iliyokaa muda mrefu baada ya kuzimwa ni bora kuliko ya haraka, na kwamba tumbawe lililotoka baharini likiwa bichi linachongeka kwa urahisi kisha linakuwa gumu likikauka.

Kilwa Kisiwani walitaka kuuvuka ule mpaka wa boriti. Mwanzoni mwa karne ya 14 msikiti mkuu uliongezwa ukawa mkubwa mara kadhaa, na paa lake likajengwa kwa kuba na matao badala ya kutegemea mti. Tao husukuma uzito pembeni na chini, kwa hiyo nguzo zisipohimili msukumo huo, kila kitu kinashuka. Sehemu kubwa ya upanuzi huo iliporomoka, na katika karne ya 15 ikajengwa upya. Nguzo za kwanza zilikuwa za jiwe moja moja la tumbawe; zile mpya, zenye pande nane, ziliungwa kwa mawe na chokaa, nzito zaidi. Kwangu mimi, hiyo ni Piramidi Iliyopinda ya Waswahili.

Kisha chuma, ambacho ningependa tukae nacho kidogo. Miaka ya 1970, mwanaakiolojia Peter Schmidt alifanya kazi na wazee wa Kihaya, magharibi mwa Ziwa Victoria, ambao ujanani mwao walishiriki kuyeyusha chuma. Kazi hiyo ilikuwa imekufa kwa miongo mingi, maana chuma cha Ulaya kilishajaa madukani kwa bei ndogo. Wazee wakaijenga tanuri upya kwa kumbukumbu.

Walichimba shimo, wakalipaka udongo wa kichuguu. Kwa nini kichuguu? Kwa sababu udongo huo unavumilia moto bila kupasuka wala kulainika upesi, jambo ambalo udongo wa kawaida hauliwezi. Shimo wakalijaza matete ya kinamasi yaliyochomwa yakawa mkaa. Juu yake wakajenga mnara mfupi, wakaingiza mabomba ya udongo kuzunguka, kila bomba na mvukuto wake. Mawe ya chuma na mkaa vikamwagwa kwa juu, mivukuto ikaanza.

Ndani ya tanuri ya namna hii kinachotafutwa si kukifanya chuma kitiririke. Chuma safi kinahitaji nyuzi 1,538 ili kiyeyuke. Takataka za jiwe, zile ambazo wahunzi wetu huziita mavi ya chuma, huyeyuka mapema na kushuka, zikiacha bonge la chuma lililojaa vitundu. Bonge hilo ndilo linalofuliwa kwa nyundo likiwa jekundu hadi takataka zilizobaki ziruke. Mkaa nao una kazi mbili: kutoa joto na kuipokonya mawe oksijeni yake. Ukikosea kiasi cha hewa, unapata moto mkubwa bila chuma.

Schmidt na mwenzake Donald Avery walitangaza mwaka 1978 kwamba katika eneo hilo kazi hii ilifanyika tangu miaka 1,500 hadi 2,000 iliyopita. Walidai pia kwamba mabomba, kwa kuwa yaliingizwa ndani kabisa ya tanuri, yaliipasha hewa joto kabla haijafika motoni. Ulaya mbinu ya kupuliza hewa ya moto ilipata hataza, yaani hati ya kulinda uvumbuzi, mwaka 1828. Dai hilo la pili limebishaniwa sana na wataalamu wa madini, na sioni haja ya kuling'ang'ania ili kuwaheshimu Wahaya. Uchaguzi wa udongo, matete, mkaa na hewa unatosha. Ni mfumo wa vitu vinne vinavyotegemeana, uliohifadhiwa kwa kufundwa tu, na ulikuwa hai vichwani mwa wazee baada ya miongo yote ile.

Basi mpaka ulichorwa lini? Kwa jinsi ninavyousoma ushahidi, si zamani. Ulichorwa Ulaya, ndani ya miaka isiyofika 200, na ulichorwa kwa sababu mbili.

Ya kwanza ni hesabu ya nguvu. Mwaka 1638 Galileo alichapisha kazi iliyouliza kwa mara ya kwanza kwa hesabu kamili: boriti iliyochomekwa ukutani itavunjika kwa mzigo gani? Jibu lake lilikuwa na kosa, maana alidhani boriti yote inavutwa, kumbe upande wa juu huvutwa na wa chini hukandamizwa. Kosa hilo lilichukua vizazi kusahihishwa. Wakati huohuo makanisa makubwa ya Ulaya yalikuwa yameshasimama kwa karne kadhaa bila hesabu hiyo. Injini ya mvuke vilevile: Newcomen, muuza vyuma, aliisimamisha yake mwaka 1712, James Watt, fundi wa vyombo vya kupimia, akapata hataza ya maboresho yake mwaka 1769. Nadharia ya joto na kazi iliyoeleza kwa nini injini zile zilifanya kazi ilianza na Sadi Carnot mwaka 1824. Mtu akikwambia uhandisi ni sayansi iliyotumika, mwonyeshe tarehe hizo. Mara nyingi sayansi ndiyo iliyokuja nyuma kueleza alichokwisha kujenga fundi.

Ya pili ni dola na vyeti. Ufaransa ilifungua shule ya madaraja na barabara Paris mwaka 1747, ikataka watu wanaofanana kwa elimu ili barabara zifanane nchi nzima. Uingereza John Smeaton, aliyejenga mnara wa taa wa Eddystone baharini mwaka 1759, akajiita mhandisi wa kiraia, kujitenga na wa kijeshi. Mwaka 1818 vijana wa London wakaunda chama chao cha wahandisi. Kuanzia hapo, polepole, vikaja uanachama, mtihani na sahihi. Sahihi ni kitu kizito: maana yake ni kwamba jengo likianguka, tunajua nani wa kuulizwa.

Na majengo yalianguka. Usiku wa tarehe 28 Desemba 1879, daraja la reli juu ya mto Tay, Scotland, liliporomoka katika dhoruba, treni ikiwa juu yake. Hakuna hata mmoja aliyenusurika. Mhandisi wake, Thomas Bouch, alikuwa amepewa heshima na Malkia Victoria mwaka huohuo. Hakuwa ameuhesabia upepo ipasavyo. Lakini tume ilipowahoji wafanyakazi wa karakana iliyosubu nguzo, yalitoka mengine: chuma kilikuwa na vitundu, na vitundu vilizibwa kwa mchanganyiko wa nta na unga wa chuma, kisha vikasuguliwa visionekane. Mafundi walijua. Mwenye hesabu hakuwa karakanani. Mpaka ulikuwa umeshakuwa ukuta, na taarifa hazikupita.

Reli ilipoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ukuta huo ulifika kwetu ukiwa tayari. Wahandisi walitoka Uingereza, mafundi na vibarua zaidi ya 30,000 waliletwa kutoka India, na reli ikafika Ziwa Victoria mwaka 1901. Ng'ambo ya ziwa hilohilo, wahunzi wa Kihaya walikuwa wakielekea kufunga mivukuto yao. Hakuna aliyewauliza wanachojua kuhusu chuma. Vijana wa Tanzania walisubiri hadi mwaka 1973 ndipo kitivo cha uhandisi kilipofunguliwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.

Nilirudi saiti siku ya kumwaga zege. Hapo nikaona kwa nini wote wawili wanahitajika. Vijana walipenda zege jepesi, linalotiririka, kwa sababu halichoshi kusambaza, na mmoja akawa anaongeza maji kwa ndoo. Fundi akachota konzi, akaibana kiganjani, akaifungua. Maji yakachuruzika katikati ya vidole. Akasema lile halimwagwi. Alichokijua kwa kiganja, Mmarekani Duff Abrams alikiweka kwenye kanuni mwaka 1918: nguvu ya zege inategemea uwiano wa maji na saruji, na maji yanayozidi yale yanayohitajiwa na saruji hukauka yakaacha vitundu vidogo ndani. Zege linaonekana zuri, lakini limeoza mifupa.

Mhandisi naye alikuwepo. Hakubishana na kiganja cha fundi. Alileta viboksi vya chuma vyenye upande wa milimita 150, akavijaza zege lililofuata kwa tabaka tatu, kila tabaka akilishindilia kwa nondo. Kesho yake matofali yale yalitolewa kwenye viboksi, yakaandikwa tarehe, yakatumbukizwa ndani ya pipa la maji kivulini. Mengine yangevunjwa kwa mashine maabara siku ya 7, mengine siku ya 28. Kila jioni, kabla ya kuondoka, fundi alikuwa anapitia pale pipani kuangalia kama maji bado yameyafunika.